Firefox kwenye Ubuntu: naandika apt lakini inaleta snap, nifanyeje nipate ile ya kawaida?

MwanaKihonda

Wakuu habari za muda huu, naombeni msaada maana nimehangaika na hii kitu tangu juzi na sasa nimekwama kabisa.

Nina steshenari ndogo hapa Kihonda, Morogoro, napiga kopi, naprinti, na msimu huu wanafunzi wanakuja kujaza fomu za mkopo mtandaoni kwa hiyo brauza ndo jembe langu. Laptopu ni ya mtumba, RAM GB 4, hadi diski ile ya kuzunguka GB 320. Kuna kijana aliniwekea Ubuntu 22.04 (mfumo wa kuendeshea kompyuta) mwaka jana baada ya virusi vya kwenye fleshi za wateja kunimaliza, na kusema ukweli tangu hapo virusi sijaviona. Yule kijana ameshahama mkoa.

Shida ni Firefox. Asubuhi nikiwasha mashine nikabonyeza ile ikoni inakaa kimya, nimehesabu kwa saa ya simu, sekunde 47 ndo dirisha linatokea, mteja amesimama ananiangalia mimi naiangalia skrini. Nikisha fungua mara ya kwanza, mara ya pili inakuwa afadhali. Nikaambiwa na mtu tatizo ni hiyo Firefox iliyomo ni ya "snap", yaani programu iliyofungiwa kwenye faili lake moja, niitoe niweke kwa apt, ile amri ya kawaida ya kuinstoli programu. Nikafanya hivi:

sudo snap remove firefox

Ikatoka. Kisha:

sudo apt install firefox

Ikaniambia firefox is already the newest version, wakati brauza haipo! Nikaitoa tena kwa apt purge nikainstoli upya, nikaona inadanlodi kitu cha kilobaiti chache tu nikasema mbona nyepesi hivi, mara ikaandika "Installing the firefox snap" na asilimia zikaanza kupanda polepole, bando ikaisha njiani. Jana nimenunua bando nyingine ikamaliza, nimefungua ni ile ile snap, tena sasa ni tupu, bukumaki zote na paswedi nilizohifadhi hazipo. Paswedi za akaunti za steshenari zilikuwa humo ndani, mbili kati ya hizo sizikumbuki kabisa.

Kuna namna ya kupata Firefox ya kawaida bila kumaliza bando la tatu? Na zile paswedi ndo zimeshakwenda?

Jongoo_Tanga

Pole sana mkuu. Njia rahisi achana na apt kabisa, ingia tovuti ya Mozilla danlodi lile faili la tar, lifungue kwenye home yako, ingia ndani ya folda bonyeza firefox, basi. Mimi nimetumia hivyo miaka.

bintiwaterminali

@Jongoo_Tanga njia yako inafanya kazi lakini kwa mtu wa biashara ina usumbufu wake, ikoni haikai yenyewe kwenye menyu mpaka utengeneze faili la .desktop kwa mkono, na watu wengi wanaishia kulipeleka folda kwenye /opt ambako mwenye mali ni root (msimamizi mkuu wa mashine), matokeo yake Firefox haiwezi kujiapudeti na wao hawajui, unakuta mtu anatumia toleo la miaka miwili nyuma huku anaingiza namba za benki. Ukiacha kwenye home yako inajiapudeti vizuri, hilo nakubali.

@MwanaKihonda kwanza tulia, usifute kitu kingine chochote kwa sasa. Hukuandika --purge (futa mpaka data) kwenye ile snap remove ya kwanza, na hiyo ndo bahati yako. Snap ikitolewa bila purge, Ubuntu inajipigia yenyewe nakala ya data zake na kuitunza siku 31. Andika:

snap saved

Ukiona mstari wenye jina firefox na neno auto mwishoni, vitu vyako vipo. Angalia namba iliyo chini ya Set, tuletee hapa.

Sasa nikueleze kilichotokea maana ukielewa hutahangaika tena. Kuanzia Ubuntu 22.04, ile ya Aprili 2022, pakeji ya firefox iliyoko kwenye repo (maghala ya programu) za Ubuntu siyo brauza. Ni kifuko kitupu chenye maagizo ya "nenda kailete snap". Ndo maana uliona kilobaiti chache. Na ulipoitoa snap, kile kifuko kilibaki kimeinstoliwa, kwa hiyo ukimuuliza apt anakujibu kwamba firefox ipo na ni mpya, yeye anakiangalia kifuko chake tu, mambo ya snap hayajui. Chromium ilitangulia kufanyiwa hivyo kabla ya Firefox. Uamuzi huo haukuwa wa Ubuntu peke yao, Mozilla wenyewe walihusika, wanaijenga na kuipandisha hiyo snap wao.

Ile ya kawaida ipo. Mozilla walifungua repo yao wenyewe ya apt, mwanzo ilikuwa ya Nightly (toleo la majaribio) tu mwishoni mwa 2023, halafu Januari 2024 pamoja na Firefox 122 wakaweka toleo la kila mtu. Nakuandikia hatua jioni nikitoka kazini, wakati huo wewe tafuta hiyo namba.

MwanaKihonda

Dada Mungu akubariki, imeandika hivi: Set 1, firefox, halafu mwisho kabisa auto. Ukubwa umeandikwa MB 90 na kitu. Ni yenyewe?

bintiwaterminali

Ndiyo yenyewe! Hebu funga Firefox kabisa, madirisha yote, kisha:

sudo snap restore 1 firefox

Fungua uangalie kama bukumaki zimerudi. Paswedi ziko kwenye mipangilio sehemu ya Passwords. Ukishaziona, kabla ya yote ziandike kwenye daftari zile mbili usizozikumbuka, sisemi hivyo kwa utani, nimeona watu wakilia.

Halafu funga tena Firefox, tunahamisha profaili, yaani folda yenye bukumaki, paswedi na mipangilio yako. Snap inaficha profaili yake mahali pake, ile ya kawaida inatafuta mahali pengine, hazionani. Kwa hiyo tunakopi:

mkdir -p ~/.mozilla
cp -a ~/snap/firefox/common/.mozilla/firefox ~/.mozilla/

Hapo umepata nakala ya pili, ya kwanza bado ipo kule kule.

Sasa repo. Hizi usiziandike kwa mkono kama unaweza, kopi na kupesti, mstari mmoja mmoja:

sudo install -d -m 0755 /etc/apt/keyrings

wget -q https://packages.mozilla.org/apt/repo-signing-key.gpg -O- | sudo tee /etc/apt/keyrings/packages.mozilla.org.asc > /dev/null

echo "deb [signed-by=/etc/apt/keyrings/packages.mozilla.org.asc] https://packages.mozilla.org/apt mozilla main" | sudo tee /etc/apt/sources.list.d/mozilla.list > /dev/null

Wa pili unaleta ufunguo wa sahihi ya Mozilla, apt anautumia kuhakikisha kwamba kinachoingia kwenye mashine kimetoka kwao kweli. Alama ya ufunguo huo inaanza na 35BAA0B3 na kuishia 6315A3, anayetaka kuikagua atumie gpg.

Hapa ndo watu wengi wanakosea, wanaishia hapo na kukimbilia kuinstoli, snap inarudi tena. Sababu ni hii. Kile kifuko cha Ubuntu kina namba ya toleo 1:1snap1. Ile 1 iliyoko mbele ya nukta pacha inamwambia apt kwamba hii ni kubwa kuliko toleo lolote lisilokuwa nayo, kwa hiyo Firefox ya Mozilla iwe 122 iwe 500, kwa macho ya apt kifuko kitupu bado ndicho kipya zaidi. Lazima umwambie apt kwa nguvu kwamba ya Mozilla ndiyo unayoitaka. Tengeneza faili:

sudo nano /etc/apt/preferences.d/mozilla

Ndani yake weka mistari hii mitatu:

Package: *
Pin: origin packages.mozilla.org
Pin-Priority: 1000

Sevu kwa Ctrl+O, toka kwa Ctrl+X. Hiyo 1000 maana yake apt achukue ya huko hata kama kwa hesabu yake ni kurudi nyuma.

Kisha:

sudo apt update
apt policy firefox

Hii ya pili haili bando hata kidogo. Tazama palipoandikwa Candidate. Ukiona bado 1:1snap1 simama hapo hapo, usiinstoli, kuna kitu umekosea. Ukiona namba ya Firefox yenyewe na chini yake packages.mozilla.org, endelea:

sudo apt install firefox

Itakuandikia kwa herufi kubwa DOWNGRADED, usiogope, ni hiyo hesabu ya namba niliyokuambia, jibu y. Kinachodanlodiwa hakifiki MB 100.

Ngazi_Mia

Naomba niongeze neno. Hii kitu ya kutukana snap ifike mahali tuseme ukweli wote. Mimi nina laptopu yenye SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi), snap ya Firefox inafunguka upesi tu na inajiapudeti bila mimi kugusa, na imefungiwa kwenye chumba chake, tovuti mbaya ikivunja brauza haifiki mbali. Mwaka 2022 kweli ilikuwa nzito sana lakini walibadilisha namna ya kuibana na ikapungua uzito wa kufunguka.

Kwa mkuu wa Kihonda mimi naona adui ni hadi diski. Snap ni faili moja lililobanwa, kila unapofungua mara ya kwanza mashine inasoma na kukunjua, diski ya kuzunguka inateseka. Ukiweka SSD hata ndogo utashangaa mashine nzima, siyo Firefox tu.

bintiwaterminali

@Ngazi_Mia nakubaliana na wewe kuhusu SSD kwa asilimia mia na kuhusu ulinzi pia sipingi. Lakini yeye mteja amesimama leo, na SSD ni hela. Halafu kuna jambo la bando ambalo sisi tunalihisi kuliko hao wanaotengeneza, snap haiji peke yake, inakuja na wenzake, ile gnome-42-2204 peke yake ni karibu MB 500, kwa mtu anayenunua GB 1 ya siku hiyo ni nusu ya mfuko. Kweli ukishakuwa nayo inatumiwa na snap nyingine pia, ila mara ya kwanza inauma.

Na huo ukuta wake unasumbua kazi nyingine za steshenari. Snap haioni mafolda yaliyofichwa kwenye home wala /tmp (folda ya faili za muda) ya kweli, mteja anakuletea faili umelifungulia huko halafu Firefox inakuambia halipo, unaanza kumlaumu mteja wa watu.

Mzalendo_wa_Mint

Wakuu asiyetaka mzunguko wote huu aweke Linux Mint, mfumo ndugu wa Ubuntu. Mint tangu toleo la 20 la mwaka 2020 walizuia snap isiingie kimya kimya, kuna faili linaitwa nosnap.pref kwenye /etc/apt/preferences.d, na Firefox yao ni deb (pakeji ya apt) ya kawaida, apt install firefox na inakuja brauza kweli. Na kwa Debian, mfumo mwingine wa Linux, ipo firefox-esr (Firefox ya matoleo yanayokaa muda mrefu) moja kwa moja.

bintiwaterminali

Sawa kaka, ila kufomati mashine ya biashara katikati ya msimu simshauri mtu. Na kwa atakayesoma baadaye, ukitoka Firefox ya kawaida kwenda ESR usitumie profaili ile ile, ESR huwa iko nyuma kwa matoleo, itakugomea kwamba profaili imeshatumiwa na Firefox mpya zaidi na itataka uanze profaili nyingine.

MwanaKihonda

Wakuu nimerudi. Habari njema kwanza, restore imekubali, bukumaki zote zimerudi na paswedi nimeziona, nimeandika daftarini kama dada alivyosema nikalifungia kwenye droo.

Habari mbaya, apt update inatoa maandishi mekundu, kuna NO_PUBKEY na mwisho inasema hiyo repo is not signed. Mistari nilisoma kwenye simu nikaandika kwa mkono kwenye laptopu maana sikutaka kuunganisha intaneti mapema. Kwenye apt policy bado Candidate ni 1:1snap1 kwa hiyo nimesimama hapo hapo sijainstoli kitu.

bintiwaterminali

Vizuri sana kusimama. NO_PUBKEY maana yake apt hana ufunguo au ufunguo ni mbovu. Hebu angalia ukubwa wake:

ls -l /etc/apt/keyrings/

MwanaKihonda

Inaonyesha packages.mozilla.org.asc lakini kwenye ukubwa ni 0.

bintiwaterminali

Basi nimeshajua. Kwenye ule mstari wa wget, kile kinachofuata baada ya anwani ni kistari, herufi O kubwa ya "Oman", kistari. Nadhani umeandika sifuri. Wget ikagoma, lakini ile tee iliyoko upande wa pili wa mstari haijui, yenyewe imepokea hewa na kuandika hewa kwenye faili. Rudia mstari huo mmoja tu kwa herufi O, hayo mengine hayana shida, kisha apt update.

MwanaKihonda

Ni kweli niliweka sifuri!! Kwenye simu yangu zinafanana kabisa. Nimerudia, faili sasa lina ukubwa, apt update imepita bila wekundu na Candidate imebadilika, packages.mozilla.org inaonekana. Nikabonyeza install ikaniletea hii:

Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend

Kuna mtu mtandaoni anasema nifute hilo faili la lock kwa rm. Nifute?

Jongoo_Tanga

Usifute mkuu! Mimi niliwahi kufuta nikaharibu mashine, pakeji zikabaki nusu nusu, siku nzima natengeneza. Hapo kuna programu nyingine inatumia apt kwa wakati huo, mara nyingi ni ile ya kujiapudeti yenyewe ya Ubuntu imeamka baada ya kuona intaneti. Subiri dakika kumi ujaribu tena. Ukitaka kujua nani ameshika angalia kwenye huo ujumbe, huwa kuna namba ya process na jina lake pembeni.

MwanaKihonda

Kweli ilikuwa imeandikwa unattended-upgr. Nimeiacha nikahudumia wateja wawili wa kopi, niliporudi imekubali.

IMEINGIA. Sasa kilichonishtua kidogo, nimefungua ikawa tupu tena, moyo ukaruka, nilidhani ile kopi haikufanya kazi.

bintiwaterminali

Hapana hiyo ni kawaida, samahani nilipaswa kukuambia mapema. Firefox mpya ikiinstoliwa mahali papya inajitengenezea profaili yake ya mwanzo hata kama ya zamani ipo pembeni. Kwenye sehemu ya anwani andika about:profiles, utaona zaidi ya moja, ile yako ya zamani bonyeza Set as default profile, funga Firefox, fungua tena.

Ukisha hakikisha kila kitu kipo, tumia siku mbili tatu, ndipo uitoe snap kwa sudo snap remove firefox. Usiharakishe. Na kujua unatumia ipi, nenda Help kisha About Firefox, ile ya snap inajitaja yenyewe kwa neno Snap, hii nyingine haina neno hilo.

Ngazi_Mia

Mkuu kama una mashine nyingine hapo steshenari usidanlodi tena. Apt anaweza kukushushia faili bila kuinstoli, kwenye hiyo hiyo iliyokwisha andika:

apt download firefox

Faili la .deb litakaa kwenye folda uliyopo, liweke kwenye fleshi, peleka mashine ya pili, ingia kwenye folda lilipo na uandike:

sudo apt install ./firefox*.deb

Hiyo ./ usiisahau, bila hiyo apt anadhani unamtajia jina la pakeji anaanza kuitafuta kwenye orodha zake. Ila repo na lile faili la Pin-Priority weka kule pia, uweke kabla ya kuinstoli, la sivyo siku ikipata intaneti ikajiapudeti kile kifuko cha snap kitarudi kwa sababu ya ile 1: yake.

MwanaKihonda

Wakuu leo ni siku ya nne naleta mrejesho.

Profaili imekaa, about:profiles ilikuwa ndo jibu. Asubuhi nimepima tena kwa saa ile ile ya simu, mashine imetoka kuwashwa, sekunde 14. Kutoka 47. Kwenye mashine ya pili nimetumia fleshi kama @Ngazi_Mia alivyosema, ilikuwa na Ubuntu hiyo hiyo, bando haikuguswa zaidi ya apt update.

Leo asubuhi amekuja binti mmoja na mama yake kujaza fomu ya mkopo, ametoka Mvomero kwa daladala ya kwanza, nimefungua akaunti yake na amemaliza kabla foleni haijaanza. Dada bintiwaterminali sikujui lakini asante sana, nimeprinti maelezo yako nimebandika ukutani nyuma ya meza, na ile herufi O nimeizungushia peni nyekundu.

Snap bado sijaitoa, nasubiri Jumapili. Swali dogo la mwisho, hizi gnome-42-2204 na core22 ninazoziona kwenye snap list nazo nizitoe?

bintiwaterminali

Nimefurahi sana kusoma hii.

Angalia kwanza kama kuna snap nyingine inazitumia, kwa 22.04 ya kawaida lile duka la programu lenyewe ni snap, snap-store, huwa inategemea baadhi ya hizo. Hazili RAM zikiwa zimekaa tu, zinakula nafasi ya diski, na wewe kwenye 320 nafasi bado unayo. Ziache. Jumapili itoe firefox peke yake, na safari hii pia usiweke --purge.